Tanzia Nazo Zisubiri

Jumapili, 4 Februari 2024

Takataka tena – barua thelathini na moja! Dawa za nguvu, mirathi ya bwana nisiyemjua, mikopo. Kundi letu la barua pepe tumeliacha wazi makusudi, ili mtu wa visiwa vyetu, wa Ngumi au Chovai, aliyepotelea ughaibuni atuone. Na matapeli nao wanatuona. Basi kila barua inangoja niisome kwanza. Isipokuwa tanzia. Ikianza na Inna lillahi inapita yenyewe, maana kwetu mtu huzikwa siku hiyo hiyo. Nani atadanganya kwa kifo?

Jumanne, 6 Februari

Wamedanganya. "Inna lillahi, fungua hapa umjue marehemu." Imewafikia watu mia sita. Mwenzetu Wafaa wa Mombasa kafungua huku analia, wakamwibia akaunti. Kanipigia: Lubna, wewe bawabu gani? Nimeona haya sana. Nimebadilisha. Tanzia nazo zisubiri. Sikumuuliza mtu.

Jumamosi, 10 Februari

Mtandao umerudi adhuhuri, Kismayo nzima ilikatika tangu Jumatano.

Ya kwanza kwenye foleni ni ya Ilyas wa Kudhaa, ya Jumatano alfajiri. Inna lillahi. Mama wa Mwanapili amefariki, anazikwa baada ya Alasiri. Kaandika kwa lahaja yetu ya visiwani: "Mchu mwenye namba ya Mwanapili amwambie. Mimi sinayo."

Chini yake, barua ya Mwanapili mwenyewe, kutoka Norwe. Ya Alhamisi. Kakata tiketi, anakuja mwezi ujao, baada ya miaka kumi na tisa. Anaomba yeyote anayevuka kwenda Kudhaa amsomee mamake barua hii.

Alhamisi! Mama keshazikwa. Ningeiacha sheria ya kwanza kama ilivyokuwa, tanzia ingepita bila mimi na Mwanapili angejua siku ile ile. Nimelia. Mume wangu Abubakar anasema ni kadari. Kadari haikubonyeza kitufe, nimebonyeza mimi.

Jumapili, 11 Februari

Sijapitisha hata moja. Nikiipitisha ya Ilyas, Mwanapili atajua mbele ya watu mia sita.

Asubuhi kaja na nyingine, kwangu peke yangu: "Dada Lubna, mbona barua yangu haitoki? Kama ni ndefu nitaipunguza. Au mama ameshasomewa?"

Nimeanza kumjibu. Salamu nimeandika. Nimeandika barua yake haina kosa lolote. Nimemwomba namba ya simu – nimeifuta hiyo, atajua mara moja kuna msiba. Nimeirudisha. Nimetuma.

Amejibu papo hapo. Namba tu, na chini yake: "Nani?"