Mama Hajapanda Boti

Mama Alinda wangu,

Nimekwenda kisiwani. Nimekwenda masika, kama ulivyotaka, na yaliyonikuta huko sijamwambia binti yetu wala mchungaji. Nakuandikia wewe kwa kuwa nadhani ulikuwepo.

Unakumbuka jioni ile barazani kwetu Pasiansi, wiki ya kwanza baada ya wewe kustaafu kazi ya hospitali? Mimi nilikwishastaafu ualimu, nikawa nashinda nikihamisha kiti kufuata kivuli. Ukaweka kikombe chini, ukasema, "Baba Alinda, tumeishi Mwanza miaka yote hii, kisiwa cha Saanane tunakiona kama picha ukutani. Wageni wanapanda ndege kuja kukitazama, sisi tunaishia kununua sangara Mwaloni." Kabla chai haijapoa ulikuwa umeshapanga mwaka mzima. Kiangazi tungepanda mawe ya Saanane. Vuli tungekwenda mbali, kisiwa cha Rubondo, tukalale msituni. Halafu masika turudi tena Saanane.

Nilikuuliza kwa nini kisiwa kimoja mara mbili. Ukanijibu, "Ukikiona kiangazi tu, hujakiona. Masika watu wote wanakikimbia. Mawe yanabaki na wenyewe."

"Wenyewe nani?"

Ukacheka, ukaenda kutazama sufuria jikoni.

Kiangazi kile nakikumbuka kuliko harusi yetu. Upepo ulikuwa mkali, nyasi zimekauka na kugeuka rangi ya simba, pimbi wamejianika juu ya mawe kama wazee wanaosubiri kikao kianze. Goti lako lilikusumbua tangu gatini. Tulipofika kwenye mwamba mkubwa ulivua viatu, ukavishika mkononi, ukaupanda peku huku ukinikataza nisikushike. Juu kule ulikaa muda mrefu. Mji wote ulikuwa mbele yetu, nyumba zimeparamia vilima, na wewe ulikuwa umeupa mgongo, unatazama maji.

Vuli tukaenda Rubondo. Mvua ilitukuta njiani, tukafika tumelowa mpaka ndani ya begi. Usiku uliniamsha ukaniambia nisikilize, msitu unahema. Nilikuambia ni viboko wanatoka majini kula. Ukasema, "Viboko nawajua," ukalala. Asubuhi ulikuwa na furaha ya mtoto, unanionyesha ndege ambao mimi niliyefundisha jiografia sikujua hata majina yao.

Kisha Januari kiharusi kikakuchukua kabla ya mvua kubwa. Nilikuzika mwenyewe kwenye kibanja chetu Muleba, kati ya migomba aliyoipanda baba yangu. Niliona jeneza likishuka. Nilitupa udongo kwa mkono wangu. Nayaandika haya ili ujue kwamba sijachanganyikiwa, najua ulipo.

Tangu matanga yaishe Alinda ananisihi nihamie kwake Dodoma. Anasema nyumba ya Pasiansi ni kubwa kwa mtu mmoja, na majirani wamemwambia naongea peke yangu. Nikawa namjibu, "Siwezi kuondoka sasa, nina safari ya masika." Mara ya mwisho alilia kwenye simu. "Baba, safari hiyo ilikuwa yenu wawili. Mama hayupo." Nikamwambia najua, ila safari ipo palepale.

Basi nikaenda. Nilichemsha chai, nikafunga ndizi na senene wa kukaanga ambao dada yako aliniletea kutoka Bukoba, nikashuka mpaka gati la Capri Point. Mbingu ilikuwa nyeusi upande wa Ukerewe. Hapakuwa na mgeni mwingine. Nahodha, mzee mmoja Mjita, alinitazama kama mtu aliyekosea njia. Akaja binti wa kunitembeza, amevaa sare ya kijani, akajitambulisha kwa jina la Pendo. Alisema ni mgeni pale, hajamaliza hata mwezi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akainama kidogo, akatazama nyuma yangu, akasema tena, "Shikamoo mama."

Nikageuka. Palikuwa na gati tupu na kamba ya boti. Nikajiambia labda kuna mwanamke alikuwa anapita barabarani.

Tulivuka. Maji yalikuwa na rangi ya chuma na hayakuwa na wimbi hata moja. Kisiwani nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, kijani kibichi, na mawe yaliyokuwa ya joto kiangazi sasa yalikuwa meusi, yanatoa jasho. Pendo alitangulia, ananieleza habari za tumbili na swala. Baada ya kitambo akasimama.

"Tumsubiri mama kidogo," akasema.

"Mama gani?"

Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayedhani anataniwa. "Mama uliyekuja naye. Naona anachechemea. Ni goti?"

Mama Alinda, niligeuka. Nilitazama njia tuliyotoka, nikaona nyasi tu, na mahali pamoja nyasi zilikuwa zinatikisika ingawa upepo haukuwepo. Inawezekana alikuwa pimbi.

"Ndiyo," nikasema. "Ni goti. La siku nyingi."

"Amevua viatu. Mwambie avae, baba, kuna miiba."

"Huwa hakubali," nikasema, na sauti yangu ilitoka kawaida kabisa, kama ninavyosema habari zako siku zote.

Tukasubiri. Sijui nikuelezeje kusubiri kule. Nilikuwa naogopa, na wakati huohuo nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu Januari. Pendo alipoona inatosha aliendelea kutembea, taratibu zaidi, na mimi nikapunguza hatua bila kuambiwa. Sikugeuka tena. Niliogopa kuona, na niliogopa pia kutoona.

Pale kwenye kivuli tulipokula kiangazi nilitandika kitenge, nikamimina chai. Nilimimina vikombe vitatu. Pendo akachukua chake akasimama, macho yake yakitazama chini ufukweni.

"Baba, mama haji kula?"

"Yuko wapi?"

"Kule kwenye mawe, miguu ndani ya maji. Baba, si vizuri. Mamba wanakuja upande ule." Akaita mwenyewe, "Mama! Sogea huku juu, tafadhali!" Kisha akanigeukia. "Hanisikilizi. Mwite wewe."

Nikasimama. Nilitazama kule anakoonyesha, nikaona mawe, nikaona maji yakilamba mawe. Mzee mzima mwenye mvi, nikaweka mikono mdomoni nikaliita jina lako. "Mama Alinda! Sogea huku!"

Ndege wote waliokuwa wanalia wakanyamaza.

"Amekusikia," Pendo akasema. "Anapanda." Akaketi, akala senene wake kwa amani. Mimi nilikuwa natazama upande wa pili wa kitenge, mahali unapopenda kukaa, na nilihisi ubaridi ukitoka pale kama unavyotoka kwenye mlango wa chumba kilichofungwa muda mrefu. Kikombe chako kilikuwa kimejaa. Kilibaki kimejaa.

Ngurumo ya kwanza ilipopiga, nahodha akatuita kwa mluzi. Tulishuka haraka, mvua ikatukuta tukiwa tumekaribia boti. Nikapanda, nikakaa. Pendo akabaki gatini ameshika kamba, anatazama nyuma.

"Mama hajapanda boti," akasema.

Nahodha akainua kichwa. "Mama gani?"

"Mama aliyekuja na huyu baba."

"Wewe binti, nimeleta watu wawili. Wewe na huyu mzee. Panda tuondoke, ziwa linachafuka."

Pendo akamtazama nahodha, kisha akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa polepole. Nilitaka kumwambia kitu cha kumtuliza, lakini kilichotoka ni ukweli. "Nilimzika Januari, mwanangu."

Hakupiga kelele. Alishuka ndani ya boti kama mtu mwenye homa, akakaa karibu nami, akanishika mkono wa koti. Nahodha hakuwasha injini. Alivua kofia, akaishika, mvua ikimnyeshea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tufanyeje, mzee? Tusubiri au twende?"

Wote wawili walikuwa wananitazama. Nilijua kwamba nikisema tusubiri, wangesubiri. Nilijua pia kwamba nikishuka nisingepanda tena. Sijui nilijuaje. Nikawaza nyumba yetu, nikawaza kiti chako barazani, na hakuna kati ya hivyo kilichonivuta kurudi. Kisha nikamkumbuka Alinda akilia kwenye simu, na jinsi nilivyomkatiza.

"Twende," nikasema.

Boti ikatoka. Sikugeuka, Mama Alinda. Nilishika ubao wa kukalia kwa mikono yote miwili. Pendo ndiye aliyegeuka.

"Yuko gatini," akanong'ona. "Anatikisa mkono."

"Anaaga?"

Akakaza macho. "Sijui, baba. Kiganja kimetazama chini."

Wewe unajua. Sisi huku tukimwita mtu tunashusha kiganja na kukunja vidole, na tukimuaga tunapunga. Kwa mbali, ndani ya mvua, ishara hizo mbili zinafanana. Nilimuuliza mara nyingine, akasema mvua imeziba, haoni tena kisiwa.

Pendo, niliyemwachia namba yangu, alinipigia simu baada ya siku kadhaa. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi. Alisema amezunguka kisiwa chote na wageni wengine, kwenye mwamba, ufukweni, gatini, na hajakuona popote. "Nilidhani utapenda kujua," akasema. Kisha akauliza, "Baba, hajaja kwako?"

Usiku ule niliwasha taa za vyumba vyote. Nilikaa barazani nikisikiliza. Nilisikia mabati yakipoa, nilisikia ziwa, nilisikia mbwa wa jirani akibweka mara moja na kuacha ghafla. Sikusikia hatua zako. Mpaka leo sijazisikia, na sijui kama hilo linanifariji au linaniumiza. Naongea peke yangu bado, lakini sasa naongea kwa sauti ndogo, nikiacha nafasi ya mtu kujibu, na hakuna anayejibu.

Jana nimempigia Alinda. Nimemwambia nitahamia Dodoma mvua zikikatika. Hakuniuliza sababu. Alisema tu, "Asante, baba," na nikasikia akimwita mumewe amwambie. Kwao hakuna ziwa wala kisiwa. Nimeshaanza kufungasha. Nguo zako nimempa dada yako, viatu nimeviacha kwanza mlangoni.

Safari ya masika imekwisha, mke wangu. Kama siku ile ulikuwa unaniaga, basi nimekuaga na mimi leo, kwa kalamu, maana kule majini nilishindwa kuinua mkono. Lakini kama ulikuwa unaniita, usinikasirikie. Niliitambua ishara hiyo pia, na nikamwacha nahodha aongeze mwendo.

Mumeo,
Baba Alinda