Elektroni Zako za Kinyume

Msamala,
Songea.
12 Machi, 1994.

Mpendwa Kaka Remmy,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama yuko hapa pembeni anachambua maharage. Ningekuwa peke yangu ungeikosa. Malaria imekuachia? Sisi ni wazima, na mahindi ya shamba la Mshangano yamebeba vizuri.

Salamu zimetosha. Nimesimamishwa shule, kaka, na aliyenisimamisha ni wewe.

Unakumbuka Krismasi, ulivyokaa na chai yako ukinifundisha zile seli zenye metali moja pande zote mbili, tofauti ni ukali wa mmumunyo tu? Ulisema elektroni hutoka penye mmumunyo mkali kwenda penye hafifu, eti kilichojaa humwagikia kilichopungua. Nikauliza mbona hesabu inatoka hasi. Ukacheka: "Futa hiyo alama, chuo kikuu ndivyo tunavyofanya." Chuo kikuu gani hicho, jamani!

Nami nikaamini. Shuleni tuna diskasheni kila jioni, na aliyeiva kwenye mada ndiye anayewafundisha wenzake. Nikashika chaki kwa mbwembwe, kaka yangu injinia, kaka yangu injinia. Chiku, rafiki yangu wa Tunduru, peke yake alibisha. Nikamnyamazisha kwa jina lako.

Ukaja mtihani wa moko, swali la shaba. Wasichana watano, Chiku akiwemo, tumeandika volti sahihi, alama ya hasi tumeifuta, na mishale yote tumeichora kinyume. Mwalimu Beda wa kemia kaziweka karatasi zetu pamoja, kasema tumeibiana. Utamlaumu? Kumbe shaba huyeyuka upande hafifu, elektroni hutoka huko kwenda upande mkali, mpaka pande zote zilingane. Alinieleza mara moja tu nikaelewa, huku nalia kwa hasira.

Bodi ya shule inakaa Jumatatu, tarehe 21. Wakituona wezi, mtihani wa mwisho hatufanyi, wote watano. Baba yake Chiku alikuja kumchukua. Chiku alipita mbele yangu na sanduku lake, hakunitazama.

Nilimwambia Mwalimu Beda kwamba nilifundishwa hivyo. Akauliza, na nani? Jina lako nikalificha. Baba anatamba na wewe Majengo nzima, kila duka linajua mwanawe anasomea uinjinia. Lakini sitawafukuzisha watoto wa watu kwa ajili ya sifa zako! Andika kwa mkono wako kwamba kosa lilitoka kwako, mpe kondakta wa basi la Songea, posta itachelewa. Mimi usiniletee pole.

Isipofika, nitakutaja mbele ya bodi, baba akiwa amekaa pale pale.

Mama na dada Leticia wanakusalimu. Mungu akulinde, akupe na moyo wa kusema kweli. Baba naye anakusalimu sana. Anasema ungekuwa karibu nasi ukanifundisha, haya yote yasingenipata.

Mdogo wako, akupendaye leo kwa taabu,
Notburga