Kijiti cha Shangazi na Matikiti Kumi

Jumamosi, 4 Oktoba
Nimemwagilia matikiti kabla ya chai. Mistari miwili, mashina matano kila mmoja. Wa kushoto ni wa Baba, mbolea ya dukani. Wa kulia ni wa Shangazi Paulina, mboji. Nimepima kwa rula ya shule. Ya Baba ni marefu zaidi. Sijafurahi.

Baba anaendesha magari ya watalii. Anataka kufukia shimo la mboji nyuma ya jiko ili wageni wa kempu ya jirani wapate pa kuegesha. Vigingi vinne ameshachomeka. Shangazi, dada yake, amemwomba asubiri mavuno: matikiti ya mboji yakiwa matamu kuliko yake, shimo libaki. Baba alicheka, akakubali.

Shangazi alirudi kutoka kwa mumewe, kijijini Kansay, na jembe moja na sufuria mbili. Hapa kwetu, shimo lile ndicho kitu pekee alichokianzisha mwenyewe.

Jumatano, 8 Oktoba
Kila asubuhi Shangazi huchomoa kijiti alichokizamisha kwenye mboji, anakiweka shavuni kama anayepima homa ya mtoto. Kikitoka cha moto, bado. Kikitoka baridi na kunukia udongo wa mvua, tayari. Haandiki popote. Mimi nina madaftari matatu na sijui kile shavu lake linachojua.

Jumatano, 15 Oktoba
Majani ya mstari wa Shangazi yamepauka. Kitabu kinasema yamekosa naitrojeni. Yeye alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nimechota samadi ya mbuzi zizini, bado ina unyevu, nikaizungushia mashina mawili. Sijamwambia. Nitamwambia yakinawiri.

Ijumaa, 17 Oktoba
Yameungua. Kingo za majani kama karatasi iliyopitishwa motoni. Samadi mbichi ina moto. Nimeandika habari za kijiti kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nimefanya hivi. Mjinga mimi.

Shangazi alipiga magoti, akaiondoa samadi kwa vidole, akamwaga maji ndoo baada ya ndoo. Baba akapita. "Dada, mboji yako inapika matikiti kabla hayajazaa?" Shangazi alizitazama kucha zangu, bado zina weusi wa samadi. Anajua. Lakini hakunitaja. Ningependelea anipige.

Jumapili, 19 Oktoba
Tumetoka kanisani, tumekaa kula makande. Nikasimama. Sijui nani aliniinua.

"Baba, ni mimi. Niliweka samadi mbichi ya mbuzi. Si mboji ya Shangazi."

Kijiko cha Baba kilibaki hewani. "Kumbe una sauti!"

"Sauti anayo siku zote," Shangazi akasema. "Ilikuwa haijaiva."

Wamecheka wote. Na mimi, baadaye kidogo. Mashina mawili yamekufa. Shangazi ataendelea na matatu. Baba hakumwongezea hata moja.

Alhamisi, 20 Novemba
Wiki tatu za jua kali, halafu jana mvua kubwa. Asubuhi matikiti matatu ya Baba yamepasuka, yale makubwa kabisa. Yetu hakuna hata moja. Juzi nilichimba kwa kidole: chini ya mboji kulikuwa na ubaridi, upande wa Baba pakavu kama tofali. Udongo wake ulikuwa na kiu, ukanywa kwa pupa, matikiti yakajaa ghafla. Nimeandika hivyo kwenye daftari la Biolojia. Nitamwonyesha mwalimu. Labda.

Nilidhani Shangazi atashangilia. Ameokota vipande vya Baba, akavitia shimoni. "Na hivi vitaliwa na matikiti ya mwakani," akasema. Sijawahi kumwona mtu asiyetupa kitu kama yeye.

Jumamosi, 13 Desemba
Leo kuonja. Tumemfunga Baba macho kwa kitenge. La kwanza lake, kubwa, maji tele. "Zuri," akasema. La pili letu, dogo, jekundu hadi karibu na ganda. Akatafuna. Akanyoosha mkono apewe tena. Akala mpaka kwenye weupe.

"Hili msinidanganye," akasema. "Hili ni langu."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini kwenye matandazo ya nyasi kavu. Baba akavua kitenge, akatazama ganda mkononi, akatazama mistari. Akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Kwa ukubwa, ya Baba yameshinda. Nimeandika hilo pia. Ni kweli.

Jumapili, 14 Desemba
Vigingi vimehamia upande wa banda la kuku. Shimo limebaki.

Kuna ukungu. Shangazi amechomoa kijiti, hakukiweka shavuni kwake. Amenipa. Nimekiweka kwangu. Cha moto.

"Bado," nimesema.

Amechukua ndoo, ameenda kuchota maji. Hakukigusa kuhakikisha.