Pikapu Iliyosingiziwa Ulevi wa Dizeli

2 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko machimboni, wewe na wenzako wote wa karakana. Hujambo? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini ulimi wake haujaugua hata siku moja.

Nina jambo linaninyima raha. Unajua mwaka wa tano huu nafua mashuka ya zahanati tatu za mlimani, na nayabeba kwa lori la kukodi. Juma lililopita lori lilichelewa siku mbili na wagonjwa wakalala kwenye magodoro matupu. Matroni wa zahanati hizo akaniita. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha: "Mama Mashuka, tarehe kumi na tano Julai nataka nikuone umekuja na gari lako mwenyewe. Usipokuja nalo, kazi nawapa wale wa mashine za mjini." Mdogo wangu, uani kwangu tunafua wanawake saba. Kazi hii ikiondoka, si mimi peke yangu nitakayefunika beseni.

Tumeona pikapu mbili za dizeli, zote kuukuu. Ya kwanza ni ya dalali anayeitwa Bwana Marashi, maana utamnusa kabla hujamwona. Inang'aa, viti laini, na matairi yake madogo meusi utadhani viatu vya bwana harusi. Ya pili ni ya bwana mifugo. Imechubuka kama goti la mtoto, na imefungwa matairi makubwa ya kukanyagia tope. Mwenyewe hafichi, anasema anaiuza kwa sababu inakunywa mafuta kupita kiasi, na bei ameishusha.

Zote mbili tunaziweza. Ila nikinunua inayobugia dizeli, tutakuwa tunafua ili tangi lishibe. Wewe ndiye fundi. Nitajuaje ulaji wa gari kabla sijalinunua?

Jibu kwa lori la vyakula, maana simu huko kwenu ni mapambo tu.

Ni mimi, dada yako


10 Juni

Dada yangu, shikamoo.

Barua imefika ikinuka vitunguu, lakini imefika. Mgongo nashukuru, unauma siku za baridi tu. Mwambie shemeji anywe maji ya moto na anyamaze, kikohozi kitaisha.

Sasa sikiliza. Muuzaji usimsikilize, sikiliza tangi. Pakia gari mzigo kama wa siku ya kazi. Nenda kituo cha mafuta, jaza mpaka shingoni. Dizeli ina povu, kwa hiyo pampu itajikata kabla tangi halijajaa. Subiri povu litulie, mwambie shemeji alitikise gari, kisha mwongeze mpaka muone mafuta yanachungulia. Andika namba ya kilomita. Zunguka njia yako yote, kwenda na kurudi, halafu rudi pampu ileile, simama palepale, jaza vilevile. Lita zitakazoingia ndizo zilizonywewa. Gawanya kilomita kwa lita. Kwa milima yako na mzigo wako, gari lisipofikisha kilomita kumi kwa lita, liache lilivyo, hata kama linaimba.

Kabla ya hapo hakikisha matairi yana upepo wa kutosha. Tazama moshi: mweusi unaong'ang'ania maana yake nozeli zinazonyunyiza mafuta zimechoka au filta ya hewa imeziba. Ukisimama, sogeza mkono karibu na kila gurudumu. Likiwa la moto kuliko wenzake, breki inakamata, na hiyo nayo hula mafuta.

Jambo la mwisho. Kilomita uzisome kwenye dashibodi. Usikisie kwa kichwa, dada, nakujua.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, na chakula cha lori mwezi huu kina chumvi. Sisi hatujambo. Kikohozi kimepona, kunyamaza kumeshindikana.

Tumefanya kama ulivyoagiza. Shemeji yako ametikisa magari mpaka muuza mafuta akauliza kama tunatafuta kuku aliyejificha chini. Moshi wa zote mbili ni safi, magurudumu yote vuguvugu, upepo tuliongeza. Hesabu ameifanya shemeji yako, nami nakuandikia jibu lake: ya Bwana Marashi kilomita kumi na kidogo kwa lita. Ya bwana mifugo tisa na kidogo. Kwa hiyo mwenye gari alisema kweli, inakunywa.

Lakini nina aibu moja, nakuambia wewe tu. Barabara ya zahanati ina yale mawe meupe ya kilomita. Miaka yote hii ndani ya lori, kila jiwe nasali sala moja fupi kwa ajili ya mtu mmoja. Jiwe la kwanza liko kilomita moja baada ya kituo cha mafuta, la hamsini liko mlangoni mwa zahanati ya mwisho. Wewe ni jiwe la saba. Sasa, tulipofika mwisho na pikapu ya Bwana Marashi, dashibodi ilisema tumekwenda kilomita hamsini na saba, na mimi nimesali sala hamsini tu. Nikajua viti laini vimenilaza sala saba. Na ile ya bwana mifugo ikasema arobaini na nne, na nimesali hamsini. Hapo sijui, labda kwa mtikisiko wake niliwarudia watu sita. Nimemwomba Mungu msamaha kwa kutotulia mbele zake.

Tuambie tununue ipi. Siku zinakwenda.

Dada yako


27 Juni

Dada yangu, shikamoo.

Nimecheka na barua yako mpaka mpishi akaja kuuliza kuna nini. Sijawahi kusikia mtu aliyelaumiwa kwa sala kuzidi.

Jibu ni fupi. Nunua ya Bwana Marashi. Namba zimesema. Ile ya bwana mifugo hata ukipewa bure itakuja kukulipisha kila asubuhi. Najua moyo wako, umeshaanza kuihurumia kwa sababu ya mikwaruzo. Gari halihurumiwi, dada.

Msisubiri barua nyingine. Lipeni, mchukue kadi ya gari, mlale.

Mdogo wako


5 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za huko? Huku wazima, ila sijalala kama ulivyoagiza. Sikununua.

Usikasirike, soma kwanza. Barua yako ilipofika tulikuwa uani tunakamua shuka, mimi huku, jirani yangu kule, kila mmoja anasokota kwake. Nikawa namsimulia habari ya sala zangu zilizopotea. Yeye hana haraka ya kusema. Akasokota, akasokota, kisha akaniuliza, "Dada, hayo mawe yamepandwa ardhini au yanatembea?"

Nikaliachia shuka likaanguka kwenye tope.

Mawe hayatembei, mdogo wangu. Njia ni ileile moja. Haiwezi kuwa hamsini na saba Jumanne na arobaini na nne Alhamisi. Dashibodi ndizo zilizokuwa zinasinzia, si mimi. Nikaenda kuzitafuta stakabadhi za kituo cha mafuta kwenye mfuko wa koti la shemeji yako. Ya Bwana Marashi iliingia lita kumi na moja. Ya bwana mifugo lita tisa na nusu. Safari moja, mzigo mmoja, na hiyo inayoitwa mlevi ndiyo iliyokunywa kidogo. Sisi tukagawanya, tukalishika jibu, lita zenyewe tukazisahau mfukoni.

Nikaenda kwa bwana mifugo nikiwa na uzi wa kushonea. Mlangoni mwa dereva kuna kile kibandiko kinachosema gari lilizaliwa na matairi ya namba gani. Yaliyofungwa ni makubwa zaidi. Nikauzungusha uzi, nikaupima, nikaelewa: tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko dashibodi inavyojua. Na yale madogo ya Bwana Marashi ni kinyume chake, yanazunguka sana na kufika karibu. Hesabu kwa mawe, kwenda na kurudi kilomita mia: ya bwana mifugo ni kumi na nusu kwa lita. Ya Bwana Marashi ni tisa na ushee.

Sasa hapa ndipo penye shida. Bwana mifugo ameshusha bei kwa kuamini gari lake ni baya. Nitalichukuaje mkononi mwake huku najua asilolijua? Shemeji yako alinishika mkono akasema, "Mke wangu, nunua kwanza, utatubu baadaye." Nikasali juu ya hilo, na kila nikisali naiona sura ya yule bwana. Asubuhi nikamweleza yote, na uzi nikamwonyesha.

Alilizunguka gari lake. Akasema, "Miaka minne naitukana." Kisha akauchukua ufunguo uliokuwa mezani, akautia mfukoni, akasema atafikiri. Leo siku ya tano sijamwona. Bwana Marashi naye anatuma salamu kwamba mnunuzi mwingine anakuja. Zimebaki siku kumi. Wenzangu uani wanafua huku wanazihesabu siku.

Niombee.

Dada yako


9 Julai

Dada, shikamoo sana.

Nimesoma barua yako nimesimama. Mgongo leo nimeusahau.

Hapa tuna pikapu ya machimbo yenye matairi ya tope. Mwaka mzima mimi na wenzangu tunailaani kwa kubugia mafuta. Nozeli zake nimezifungua mara mbili kwa mikono yangu, sikuona kosa. Jana nikachukua kamba, tukapima barabara ya hapa kutoka lango hadi kwenye mizani, tukaiendesha. Dada, ilikuwa inasingiziwa. Miaka ishirini ninashika spana, na sikuwahi kuliangalia tairi kama mpimaji. Mkuu wa karakana ameuliza nani kanifundisha. Nikamwambia dada yangu, anafua mashuka. Akadhani natania.

Nilikuambia ununue gari baya, na ningekuponza. Nisamehe.

Ila nikuulize kama mdogo wako: ulishindwa kweli kumwambia ukishalipa? Haya, najua, wewe ni wewe. Kwa Bwana Marashi usiende hata akikupulizia chupa nzima. Nasubiri lori kila siku kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Mdogo wako


17 Julai

Mdogo wangu mpenzi, fundi wangu,

Mungu ni mwema. Kaa chini kwanza, mgongo huo.

Jumamosi tarehe kumi na mbili, tukiwa tunaanika, tukasikia honi mlangoni. Ni bwana mifugo. Siku zote zile alikuwa kwenye chanjo ya ng'ombe huko mlimani, na kila aendako anahesabu mawe. "Nilitaka nikukamate umekosea," akasema. "Nimepima mara tatu. Hukukosea."

Nikamwambia, "Basi baba, gari ni lako, huna haja ya kuliuza tena."

Akasema ameshapewa pikipiki ya kazi, na kwamba watu watatu wamekuja kuitazama pikapu yake, wote wakaisema vibaya ili waipunguze bei, na mimi peke yangu ndiye niliyeisema vizuri. Bei ileile. Ila kila mwezi nimbebee sanduku la dawa za mifugo mpaka zahanati ya mwisho, wafugaji watalichukua hapo. Kabla sijafungua mdomo shemeji yako alishakubali, ameshika ufunguo, na anamtafutia mgeni kiti.

Tarehe kumi na tano, saa mbili kasorobo asubuhi, tulikuwa langoni kwa matroni. Wanawake saba tulijibana wote, wawili mbele kando ya shemeji yako aliyeshika usukani na watano nyuma juu ya mashuka, maana hakuna aliyekubali kubaki. Matroni akatoka, akalizunguka gari, akagusa mkwaruzo mmoja kwa kidole. "Ni lako?" Nikamwonyesha kadi. Akalifungua shuka moja, akalinusa kama anavyofanya siku zote, akasema, "Wale wa mjini nitawaandikia wasijisumbue." Jirani yangu asiye na haraka ya kusema akaanza kupiga vigelegele, na wagonjwa wakachungulia madirishani wakidhani kuna harusi.

Jioni tukajaza pampu ileile. Zimeingia lita tisa na robo, na wanawake saba juu yake. Shemeji yako alikuwa amebadilisha filta ya hewa, sasa anatembea mjini kama aliyeunda injini mwenyewe.

Muuza mafuta naye hana siri. Tangu juzi wanakuja watu uani. Mwalimu mmoja anataka kununua lori dogo, fundi seremala ana pikapu anayotaka kuitupa, na jana, mdogo wangu, amekuja Bwana Marashi mwenyewe, kofia mkononi, anaomba nimpimie magari yake mawili kwa sababu wateja wameanza kuja na uzi. Nimewaambia wote waje Alhamisi ijayo, mashuka yakishakauka.

Ni mimi dada yako, mwenye gari