Jani Alilolishika Mwizi wa Redio

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Hapa Akheri tu wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, na babu yako anamdekeza kuliko alivyowahi kunidekeza mimi.

Unauliza, kwa ajili ya utafiti wako wa chuo, kama niliwahi kuona wananchi wenye hasira kali wakimwacha mwizi hai. Niliona nikiwa msichana, na hadi leo nacheka.

Mgeni mmoja aliiba redio ya baba. Tulimkimbiza kijiji kizima, mimi na mwiko wangu, huku redio ikiimba ndani ya koti lake. Alipofika kwenye ua wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani, akateleza, akashika majani asianguke. Akageuka kutukabili, jani limebaki mkononi.

Fimbo zote zikashuka. Kama ujuavyo, kwetu anayekuja na jani la sale anaomba msamaha, hapigwi.

"Huyu hata hajui ameshika nini!" mama akafoka.

"Sisi tunajua," baba akajibu, akaanza kucheka, na wote tukacheka. Mwizi akaenda polisi kwa miguu yake mwenyewe, tukimsindikiza na redio yetu.

Alipomaliza kifungo alirudi kuuliza lile jani ni nini. Baba akamweleza, akampa na miche.

Sasa ni mzee huko Sombetini. Juzi nilipomtembelea, nikakuta amepanda masale kuanzia mlangoni kwake hadi barabarani. Nikamuuliza, ua mrefu hivi wa nini?

"Dada yangu," akasema, "atakayekimbizwa kesho sijui atateleza wapi."

Bibi yako anayekuombea