Kwenye Kona Ulizima Maikrofoni

Kaka Hamisi, shikamoo.

Banda lako la video bado halijafungwa. Amethibitisha hilo leo asubuhi wifi Mwajuma, mkeo, akiwa anafagia mlangoni. Ila ameongeza: Jumamosi hii watu wasipokuja, televisheni anampelekea kaka yake Mikumi, na chumba kitakuwa saluni.

Sababu naijua, nilikuwepo. Tangu tukuzike, kwenye kiti chako cha kutafsiri sinema anakaa kijana kutoka Morogoro. Anatafsiri vizuri, sauti anayo. Tatizo hanyamazi. Aliweka ule mkanda wako wa zamani, wa gari jeusi linalofukuzwa milimani. Polisi walipoanza kumkimbiza steringi, shujaa wa sinema, kijana akaendelea: "Oyaa, anakanyaga mafuta wanangu, anakata kona!" Akainuka mzee mmoja mfugaji wa Malolo, katika wale uliokuwa ukiwawekea benchi la mbele siku ya mnada. "Kijana, kona tunaiona. Tuachie gari." Akatoka, wenzake wakamfuata. Hawajarudi.

Wewe ulikuwa unazima maikrofoni. Swichi inalia tk, na banda zima linakaa sawa. Hapo mkulima wa Chanzuru, mfugaji na mwalimu wa sekondari walikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa injini.

Niliwahi kukuuliza kwa nini unapenda hizo sinema za zamani. Ukasema, "Mdogo wangu, lile ni gari kweli, vumbi kweli, na mtu aliye ndani anatoka jasho kweli." Ukaongeza, "Halafu halikwami." Nimeripoti mafuriko ya Kilosa miaka mingi, nimesukuma magari kwenye tope hadi magotini. Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Barabarani mwenyewe hukuwa na mbio. Tukipita hifadhini Mikumi, pikapu yako ilitambaa, mabasi yanatupigia honi nyuma.

"Steringi leo vipi?" nakuchokoza.

"Twiga hajaambiwa kuwa hii ni sinema."

Jana nimepita pale kikazi. Twiga alikuwa anavuka. Nikasimamisha gari, nikasubiri useme. Alishamaliza kuvuka na kupotelea vichakani, mimi bado nipo palepale.

Basi nimezungumza na wifi. Jumamosi ni siku ya mnada. Tutaweka mkanda uleule, na kiti chako nitakaa mimi. Kijana amekubali, tena kwa kucheka: "Dada, utaogopa ukimya." Mzee wa Malolo nimempelekea salamu. Amejibu kwamba atakuja na wenzake, kama hakuna kelele.

Sauti yako sina, na sitaiiga. Nitawaambia watu nani anamfukuza nani, na kwa nini. Gari likifika kona ya kwanza, nakuahidi, nitazima.

Lala salama, kaka. Ni Jumamosi, baada ya swala ya alasiri.