Sukari kwenye Goti la Bibi

Mama, shikamoo. Twiga wa kwenye picha ya kadi hii hatujamwona. Dukani hapa Ngara kadi zilizobaki ni za twiga tu. Mvua inanyesha kila alasiri, na malori ya chakula cha wakimbizi yanakwama mbele ya hospitali.

Daktari aliyekuja kwa ajili ya wakimbizi ndiye anayemtibu Bibi. Alisema dawa ya sindano ni maji yenye sukari, ambayo huzichokoza kano za goti zilizolegea ili mwili uzijenge upya.

Bibi akaninong'oneza, "Sisi tunakunywa chai bila sukari, na huyu sukari anaimwaga kwenye goti?"

Goti lilivimba. Mama mmoja wa Kirundi, wa kitanda cha jirani, akampa kidonge cha kushusha uvimbe. Nilikirudisha kwa heshima, maana daktari alisema uvimbe huo ndio mwanzo wa kupona. Bibi alininunia mpaka uji ulipoiva.

Hiyo ilikuwa sindano ya kwanza. Sasa amechomwa ya tatu. Leo asubuhi, kwenye jiko la nje la ndugu wanaouguza wagonjwa, alipiga magoti apulize moto. Nikasogeza bega aliegemee, kama nilivyofanya tangu niache shule kumsindikiza.

"Toka hapo, fimbo yangu," alisema. "Kasome."

Aliinuka taratibu, peke yake.

Mungu awalinde wote hapo nyumbani Nemba. Tafadhali mwombe mwalimu asimpe mtu nafasi yangu kwenye dawati.

Mwanao akupendaye,
Imakulata